Safari Huanzia Gereji: Volvo la Mtumba Lililowashinda Wenye Viwanda

Pasaka ya mwaka 1965, ndugu wawili wa Nairobi waliingia kwenye mashindano ya East African Safari na gari la mtumba. Sisemi mtumba kwa utani. Lilikuwa Volvo PV544, ambalo mwaka mmoja kabla lilikuwa la timu ya kiwanda iliyotoka Sweden kuja kushindana katika Safari ya 1964. Waswidi walipomaliza shughuli yao, gari likabaki huku kwetu. Likanunuliwa. Likaingizwa gereji. Lilipotoka, kwenye usukani alikaa Joginder Singh na pembeni yake mdogo wake, Jaswant, ndiye msoma ramani. Baada ya maelfu ya kilomita za vumbi, mawe na tope, walirudi Nairobi wakiwa wa kwanza, na aliyewafuata walimwacha kwa dakika 100. Katika mashindano ambayo watu huhesabu dakika moja moja ya adhabu, dakika 100 ni kama mtu ameoga, amekula, na amelala kidogo kabla mwenzake hajafika.

Kisa hiki husimuliwa sana, hasa Kenya, na karibu kila mara husimuliwa kama habari ya ushujaa. Singasinga Arukaye, ndivyo dunia ilivyomwita. Simba wa Kenya. Sawa, ushujaa ulikuwepo. Lakini mimi ni mwandishi wa gazeti, na naujua ugonjwa wetu waandishi: tunapenda mstari wa kumalizia. Pale kuna picha, kuna maua, kuna mtu wa kumhoji. Wiki zile ambazo mtu amelala chali chini ya gari, mafuta machafu yanamdondokea usoni, hazina picha. Ndiyo maana hazimo kwenye historia tunayosomeshwa.

Leo nataka tuzungumzie wiki hizo. Hoja yangu ni nyepesi: ile safari ya 1965 ilishindwa gereji kabla haijashindwa barabarani, na ukiifuata hoja hiyo vizuri utajikuta unazungumzia mambo makubwa kuliko magari.

Kwanza turudi nyuma kidogo, hadi Dar es Salaam ya mwaka 1907, tuone safari ndefu inakuwaje pale ambapo gereji haipo.

Tarehe 10 Agosti 1907 ofisa mmoja wa jeshi la Kijerumani, Paul Graetz, aliondoka Dar es Salaam kwa gari akielekea Swakopmund, mji wa pwani ya Atlantiki katika nchi ambayo leo ni Namibia. Gari lake lilitengenezwa maalumu huko Gaggenau, Ujerumani, likapewa magurudumu makubwa na kuinuliwa juu ili tumbo lisikwaruze ardhi. Kwa wakati ule reli kutoka Dar es Salaam ilikuwa haijafika hata Morogoro. Vita vya Majimaji ndiyo kwanza vilikuwa vimezimwa, na kusini mwa nchi watu walikuwa wanakufa kwa njaa. Katikati ya hali hiyo, mtu anapita na gari. Alifika Swakopmund tarehe 1 Mei 1909, yaani karibu miezi 21 baadaye, na vitabu vikamwandika kuwa mtu wa kwanza kuvuka Afrika kwa gari kutoka bahari moja hadi nyingine.

Graetz hakuwa mjinga. Alijiandaa. Kwa kuwa njia nzima haikuwa na mahali pa kununua petroli, mafuta yalitangulizwa na kuwekwa akiba mbele yake. Yalitangulizwa na nani? Na wapagazi, kwa vichwa na mabega. Penye mto usio na daraja, watu walikata miti na kutandika. Penye mlima, walifunga kamba na kuvuta. Gari lilipoharibika sehemu kubwa ya injini, vipuri vilipaswa kutoka Ujerumani, na kusubiri huko hakukuhesabiwa kwa siku bali kwa miezi.

Tazama basi mpangilio wenyewe. Maarifa ya gari yalikuwa Ulaya. Nguvu za kulivusha zilikuwa za Waafrika ambao hakuna aliyewaandika majina. Katikati ya hivyo viwili hapakuwa na kitu. Hapakuwa na banda lenye jiriwa na nyundo, wala mtu aliyeijua injini na wakati huohuo anajua tope la Kilosa likoje mwezi wa Machi. Injini inapimwa kwa nguvu farasi. Ile ya Graetz ilipaswa kupimwa kwa nguvu wapagazi.

Miaka 58 baadaye, ndugu wawili wanachukua gari ambalo Waswidi wameshalimaliza, na wanashinda. Nini kilitokea katikati? Kilichotokea ni gereji.

Gereji za Afrika Mashariki zina babu mmoja mkubwa, naye ni reli. Waingereza walipojenga Reli ya Uganda kutoka Mombasa, kati ya 1896 na 1901, walileta vibarua na mafundi wapatao 32,000 kutoka India. Karibu 2,500 walikufa. Wengi wa waliosalia walirudi kwao, ila wapatao 6,700 walibaki. Nairobi yenyewe ilianza mwaka 1899 kama kambi na bohari ya reli. Mji ule ulizaliwa karakana. Kabla haujawa na sinema, kanisa kubwa au baraza la jiji, ulikuwa na mabanda ya kutengenezea vichwa vya treni.

Miongoni mwa mafundi wa Kipunjabi walikuwemo Masingasinga wengi waliotoka katika jamii za wahunzi na maseremala. Hawa walikuwa watu ambao chuma na mbao ni urithi wa ukoo. Wengine wakaja baada ya reli kwisha, wakifuata ndugu na wajomba. Malori na magari yalipoanza kuongezeka, hawakuhitaji kwenda shule mpya. Aliyezoea kufua chuma cha treni ya mvuke hashindwi kunyoosha springi ya lori. Aliyezoea kuchonga behewa hashindwi kutengeneza bodi ya basi. Ndivyo mabanda ya reli yalivyozaa vijibanda vya mjini: shimo la kuingilia chini ya gari, kabati la spana, benchi la mbao lenye jiriwa, na redio juu ya dirisha.

Joginder Singh alizaliwa mwaka 1932 Kericho, kwenye nyanda za chai. Mtu wa Kericho hahitaji kufundishwa tope ni nini, maana mvua ya kule haina likizo. Alianza kazi ya gereji akiwa kijana, akishika spana kama walivyoanza wote. Mwaka 1958 alichukuliwa na chama cha wenye magari cha Afrika Mashariki kuwa mtu wake wa kwanza wa doria barabarani, kazi ya kuzunguka akiwatafuta na kuwasaidia waliokwama.

Naomba usiipite haraka kazi hiyo ya doria. Fundi wa mjini huletewa gari likiwa limeshavutwa. Haoni lilipokwama. Mtu wa doria hulikuta gari palepale lilipofia, anaona jiwe lililopasua sampu, anaona korongo lililovunja springi, anajua mvua ilinyesha saa ngapi. Kila gari lililokwama lilikuwa somo, na kila somo lilikuwa na mahali na wakati wake. Alipoingia Safari kwa mara ya kwanza, mwaka 1959, alikuwa na umri wa miaka 27 na kichwani tayari alikuwa na daftari zima la namna ambavyo magari hufa Afrika Mashariki.

Sasa Safari yenyewe ilikuwa nini? Ilianza mwaka 1953 kwa jina la Coronation Safari, kusherehekea kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili. Mwaka 1960 ikapewa jina la East African Safari. Njia yake ilizunguka Kenya, Uganda na Tanganyika, kilomita zinazokaribia 5,000, mchana na usiku, kwenye barabara hizihizi za wananchi zenye ng'ombe, baiskeli na malori ya pamba. Tena iliwekwa wakati wa Pasaka, yaani pale ambapo masika inabisha hodi. Barabara hiyohiyo asubuhi inaweza kuwa vumbi la kuziba pua na jioni ikawa uji mweusi unaomeza gurudumu hadi katikati.

Mwaka 1963 magari 84 yaliondoka. Yaliyomaliza yalikuwa saba. Mwaka 1968 yakaondoka 93, yakamaliza saba tena. Soma takwimu hizo kama fundi, siyo kama mshabiki. Mshabiki anauliza, nani alikuwa na kasi? Fundi anauliza, yale 77 yalikufa na nini?

Na majibu yake siyo ya ajabu. Gari haliuawi na simba. Linauawa na nati iliyolegea. Mtikisiko wa barabara ya mawimbi, ile tunayosema imekuwa kama ubao wa kufulia, hulegeza kila kilichofungwa. Nati ya kishikio cha shokapu ikitoka, shokapu inaning'inia. Shokapu ikining'inia, springi inabeba kazi ya wawili. Springi ikivunjika, tairi linagusa bodi. Tairi likipasuka kwenye kona, habari inaandikwa gazetini kwamba dereva alishindwa kulimudu gari. Kumbe alishindwa na nati ya senti chache, wiki mbili kabla hajaondoka.

Ndiyo maana maandalizi ya gari la Safari yalikuwa kazi ya kulivua gari nguo zote kisha kulivisha upya. Niwaeleze ilivyokuwa kawaida, maana hata leo anayetaka kwenda mbali kwa gari atapata cha kuazima.

Unaanza na bodi. Unatoa viti, unatoa mazulia, unakuna rangi kwenye maungio, hasa pale springi na shokapu zinapokutana na bodi. Unatafuta nyufa. Palipo na ufa unachomelea, na unaongeza kipande cha bati nene ili mzigo usambae. Kisha unaingia chini. Sampu ya injini ndiyo kitovu cha uhai, kwa sababu jiwe moja likiitoboa, oili yote inamwagika na injini inaungua ndani ya dakika chache. Kwa hiyo unaifungia ngao ya chuma. Mabomba ya breki na ya mafuta, ambayo kiwandani hupitishwa chini ya sakafu kana kwamba dunia nzima ni lami, unayahamishia ndani au unayafunika.

Halafu vumbi na maji. Vumbi likiingia kwenye kabureta linakula silinda kama msasa. Maji yakifika kwenye waya za plagi, injini inakohoa na kuzima katikati ya mto. Hapa kuna ujanja wa zamani ambao madereva wa malori bado wanaujua: kabla ya kuingia kwenye maji marefu, ondoa mkanda wa feni. Feni ikizunguka ndani ya maji inakuwa pampu ya kuimwagilia injini yako mwenyewe.

Kisha nati, kila nati. Zile za hatari unazitoboa na kuzifunga kwa waya au pini ili zisizunguke hata zikitaka. Mwisho kabisa unafika kwenye buti, na hapo ndipo penye ubishi. Ubebe nini? Matairi mawili ya akiba, jeki, koleo, kamba, mikanda, plagi, taa ya mkononi. Kila unachoongeza kinaokoa gari na wakati huohuo kinalichosha. Springi ile uliyokuwa unaihurumia sasa unaibebesha kilo nyingine 50. Hakuna kitabu kitakachokupa jibu la ubishi huo. Anayejibu ni yule aliyewahi kukwama.

Tukirudi kwa ile Volvo, watu husema walishinda licha ya gari lao kuwa kuukuu. Mimi naona tofauti. Nadhani ukuukuu ulikuwa mtaji. Gari jipya kutoka kiwandani ni kama mgeni mwenye adabu, hasemi anaumwa wapi. Gari lililokwisha kupita Safari moja limeshalia hadharani. Nyufa zake zinaonekana. Mahali palipopinda pamepinda. Kwa fundi mwenye macho, gari la namna hiyo ni ripoti kamili ya uchunguzi, imeandikwa kwa chuma. Waswidi waliilipia ripoti ile, ila waliosoma ni akina Singh.

Na gari lenyewe lilikuwa la aina inayokubali kusomwa. PV544 lilikuwa na umbo la kizamani, mgongo wa mviringo, ukoo wake ukianzia kwenye PV444 iliyoanza kuuzwa 1947. Injini yake ya B18 ilikuwa ya silinda nne, kama lita 1.8, na krankshafti yake ilishikwa na beringi kuu tano wakati injini nyingi za ukubwa ule ziliridhika na tatu. Maana yake ilivumilia kupelekwa mbio kwa saa nyingi bila kujitikisa hadi kujivunja. Hapakuwa na kitu ndani yake ambacho mtu mwenye spana, nyundo na subira asingeweza kukifikia. Mwaka huohuo wa 1965, mwezi wa Oktoba, kiwanda kiliacha kabisa kulitengeneza. Kwa hiyo mshindi wa Afrika Mashariki wa mwaka ule alikuwa mzee aliyekuwa anafunga mizigo kustaafu.

Mtu atasema, bahati ya mwaka mmoja. Haya, tuangalie miaka yote. Tangu mwaka 1953 hadi 1971, hakuna dereva hata mmoja kutoka nje ya Afrika Mashariki aliyeshinda Safari. Na si kwamba hawakuja. Mwaka 1964 Wamarekani walileta timu nzima ya Mercury Comet, magari yenye injini za kutisha, wakaondoka mikono mitupu. Erik Carlsson wa Sweden, mmoja wa madereva mashuhuri wa dunia wakati ule, aliambulia nafasi ya pili na Saab yake. Baada ya akina Singh, mwaka 1966 na 1967 alishinda Bert Shankland, Mskoti aliyekuwa mkazi wa hapahapa Tanzania, na Peugeot 404. Ilibidi tusubiri hadi 1972 ndipo Mfini Hannu Mikkola, akiwa na Ford Escort, akavunja mwiko huo.

Miaka 19 ya viwanda tajiri kushindwa na wenyeji haiwezi kuwa bahati. Kiwanda kilikuwa na fedha, maabara na wahandisi. Kilichokosekana kilikuwa kumbukumbu ya barabara, na kumbukumbu hiyo haikuwa maktaba. Ilikaa kwenye mikono ya mafundi wa Nairobi, Kampala, Arusha na Dar es Salaam. Viwanda vilipoanza kushinda ni baada ya kukubali kuja mapema, kukaa, kuzijaribu barabara na kujifunza.

Naye Joginder hakuishia kwenye mtumba. Alishinda tena 1974 na 1976, mara hizo akiwa na Mitsubishi Lancer, na mwaka huo wa 1976 Lancer zilichukua nafasi zote tatu za juu. Ila takwimu yake ninayoipenda siyo ya ushindi. Katika Safari 22 alizoingia, alimaliza 19. Wakumbuke wale saba kati ya 84, kisha itazame tena hesabu hiyo. Kushinda mara tatu ni kipaji. Kumaliza mara 19 ni gereji.

Sasa tufike kwenye lile nililosema ni kubwa kuliko magari.

Kenya ilipata uhuru tarehe 12 Desemba 1963. Wakazi wengi wenye asili ya Asia, ambao uraia haukuwajia moja kwa moja, walipewa miaka miwili ya kuamua kama watauomba au watabaki na pasi za Kiingereza. Miaka hiyo miwili ilikuwa inaisha Desemba 1965. Kwa hiyo Pasaka ya 1965 iliangukia katikati ya swali hilo. Kwenye nyumba nyingi za Nairobi, Kisumu na Mombasa watu walikuwa wanajadiliana usiku: sisi ni wa hapa? Na hata tukisema ni wa hapa, wenzetu watakubali? Mitaani nako kulikuwa na manung'uniko yasiyokosa sababu, kwa kuwa chini ya mkoloni mishahara, mitaa na shule vilipangwa kwa rangi: Mzungu juu, Mwasia katikati, Mwafrika chini.

Katikati ya mjadala huo wanarudi vijana wawili wenye vilemba, wametapakaa tope la nchi tatu, wamewashinda watu wa Ulaya kwa kuzijua barabara za hapa kuliko mtu yeyote. Sijui hoja gani ya bungeni ingeweza kusema uenyeji kwa lugha iliyo wazi kuliko hiyo. Tope lile halikuomba pasipoti. Hata hivyo hoja ya tope haikutosha. Sheria zilibana, na kufikia mwanzoni mwa 1968 Waasia kwa maelfu walikuwa wanapanda ndege kukimbilia Uingereza kabla mlango wa huko nao haujafungwa. Mwaka 1972 Idi Amin akawafukuza wa Uganda. Gereji ngapi zilifungwa? Shajara ngapi za mikononi ziliondoka na wenyewe? Joginder mwenyewe alifariki London, Oktoba 2013, akiwa na umri wa miaka 81.

Lakini nisije nikaligeuza banda la gereji kuwa pepo ndogo ya mataifa yote. Ndani ya mabanda yale kulikuwa na mtu wa tatu ambaye picha za ushindi hazimwonyeshi. Ni spana boi. Kijana wa Kikuyu, Mluo, Mkamba, Mchaga, Mganda, aliyefika asubuhi kabla ya wote, akafagia, akaosha nati kwa petroli, akaingia shimoni kwanza na kutoka mwisho. Liangalie hilo jina: boi. Angeweza kuwa na mvi na wajukuu, bado ni boi. Hakupewa cheti, kwa kuwa alijifunza kwa kutazama. Wakati mwingine fundi mkubwa aligeuza mgongo makusudi asimwone anavyorekebisha kabureta. Akajifunza hivyohivyo, kwa kusikiliza injini ikibadilisha sauti.

Wapagazi wa Graetz hawakuandikwa, na spana boi wa miaka ya sitini naye hakuandikwa. Tofauti ni moja, nayo ni kubwa: mpagazi alibeba petroli na kurudi kwao bila kuijua injini. Spana boi aliondoka na ufundi. Wenye gereji walipoondoka au kuzeeka, ni yeye aliyefungua ya kwake, chini ya mwembe, kando ya reli, kwenye kiwanja cha mtu. Ukipita Gerezani pale Dar es Salaam au Kirinyaga Road kule Nairobi, mtaa ambao watu bado wanauita Grogan, unaowaona pale ni wanafunzi wa wanafunzi wake. Kilichoanza kwenye mabanda ya reli hakijafa, kimehamia juani.

Safari ilikuwa imepoteza nafasi yake kwenye mashindano ya ubingwa wa dunia baada ya mwaka 2002, ikarudi mwaka 2021. Nilifurahi kama wengine. Ila sasa timu kubwa huja na mahema yao, mafundi wao, kompyuta zao, na wakimaliza wanafungasha kila kitu. Ni karakana nzima inayopanda meli au ndege. Siwalaumu, ndivyo michezo ilivyo siku hizi. Nasema tu kwamba ushindi wa aina ya 1965, wa gari lililonunuliwa, likafunguliwa na kufungwa upya na watu wa mtaani kisha likaenda kuwapiga wenye viwanda, kwenye mpangilio huo hauna pa kupenyea.

Na sisi wasomi wa mjini, gereji za namna ile tunaziitaje? Gereji bubu. Hazina kibao, hazina risiti, basi ni bubu. Halmashauri ikitaka kupendezesha barabara, za kwanza kuhamishwa ni hizo. Tunaomba wawekezaji watuletee teknolojia, huku aliyejifunza injini kwa masikio miaka 30 tunamfukuza na mgambo.

Bubu ni asiyeweza kusema. Wale wanasema kutwa nzima, kwa nyundo na kwa mdomo. Kama una gari, au hata bodaboda, wiki hii likipelekwe kwa fundi usikae kwenye benchi unachezea simu. Muulize jina lake kamili. Muulize alifundishwa na nani, na aliyemfundisha alifundishwa na nani, na katika gereji gani. Andika. Nina hakika ukirudi nyuma watu watatu au wanne utakuta kilemba, na ukiendelea kidogo utasikia mlio wa treni.